Ajali ya Baiskeli Ina Kinga

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Kwa heshima zote, naomba kutofautiana nao.

Nilipokuwa nikifundisha katika Makueni, nilikwenda kazini kwa baiskeli, nikifuata ukingo wa barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa, karibu na Emali. Asubuhi moja lori lilinipita karibu mno, hata upepo wake ukanisukuma, kisha ukanivuta, nami nikaangukia nje ya lami. Niliinuka na michubuko tu. Dereva hakusimama. Labda hakujua kwamba amekosa, kwa kuwa hakunigusa.

Hapo ndipo penye tatizo. Madereva wengi hudhani kwamba asiyegusa hana hatia. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haisemi hivyo. Kifungu cha 49 humtia hatiani dereva aendeshaye bila uangalifu unaostahili, au bila kuwajali ipasavyo wengine watumiao barabara. Mwenye baiskeli ni mmoja wao. Hata hivyo, kifungu hicho hakitaji mita, na uangalifu kila dereva huupima kwa jicho lake mwenyewe. Wenzetu wameweka kipimo: Ufaransa hutaka dereva aache mita 1 mjini na mita 1.5 nje ya mji; Ujerumani, tangu 2020, mita 1.5 mjini na mita 2 nje yake.

Kipimo cha aina hiyo kingetufaa. Mfikirie mtu anayetoka kuteka maji huko Kitui, mitungi ikining'inia pande zote mbili za baiskeli. Akikwepa shimo, hana budi kuyumba. Dereva aliyemkaribia mno hatakuwa na nafasi ya kumwepa. Na iwapo gari jingine linakuja kutoka mbele, sharti dereva asubiri nyuma ya baiskeli mpaka njia iwe wazi. Subira ya dakika moja haijamfukarisha mtu.

Walimu wenzangu, chukueni rula ya mita ya ubaoni, mtoke uwanjani na wanafunzi, mpime mita moja na nusu kutoka ncha ya usukani wa baiskeli. Baadhi ya watoto hao ndio madereva wa matatu na malori wa kesho. Wakiizoea nafasi hiyo leo, hawatamngoja askari awakumbushe. Nafasi hiyo ndiyo kinga.