Fundi wa Kuunganisha Sinema

Sinema haitoki katika kamera ikiwa tayari. Fundi mmoja hupiga picha, mwingine hunasa sauti, na wa tatu huzikata na kuziunganisha. Zamani alitumia mkasi na gundi; siku hizi hutumia kompyuta.

Mfano ni sinema ya Benda Bilili!, iliyoonyeshwa Cannes, Ufaransa, mwaka 2010. Yaeleza habari za wapiga muziki wa barabarani mjini Kinshasa. Wengi wao walipooza miguu kwa ugonjwa wa polio, wakatembelea baiskeli za magurudumu matatu. Pamoja nao alikuwapo kijana Roger, mwenye chombo cha uzi mmoja alichokitengeneza kwa kopo. Wafaransa wawili waliwafuata miaka mingi, lakini sinema yenyewe haifiki saa mbili. Basi, picha nyingi ziliachwa.

Kwanza fundi hutazama picha zote, akiandika kila moja ina nini. Pili huchagua. Tatu hupanga: Roger mtoto hutangulia, Roger mtu mzima hufuata. Wimbo hauukati katikati ya neno. Sauti huendelea, picha zikibadilika: mara mkono wa mpiga gita, mara uso wa msikilizaji.

Kazi hiyo ina hatari. Akiweka machozi tu, watu watawahurumia wale wapigaji, wala hawatausikia muziki wao. Akibandika kicheko cha jana juu ya maneno ya leo, amesema uwongo, hata kama kila picha ni ya kweli. Naye aliyepigwa picha hayupo kujitetea.

Maulizo: Kwa nini picha nyingi huachwa? Picha za kweli zaweza kudanganya namna gani?