Fahamu: Oili ya pampu au ya kuchanganya kwenye injini ya mipigo miwili?

Injini ya mipigo miwili haihifadhi oili chini kama ya mipigo minne. Oili huingia pamoja na petroli, hulainisha pistoni na beringi, kisha huungua.

Kwenye Yamaha Banshee, pikipiki ya magurudumu manne, dereva huchanganya mwenyewe. Kwa kipimo cha 32 kwa 1, lita 5 za petroli huhitaji oili mililita 156 hivi.

Yamaha Blaster, nayo pikipiki ya magurudumu manne, ina tangi la oili na pampu inayopima kiasi kulingana na mwendo wa injini, hivyo moshi hupungua. Lakini pampu ikifa, petroli huendelea kufika bila oili na pistoni hukwama. Ndiyo maana baadhi ya wenye Blaster huing'oa pampu hiyo na kuchanganya oili kwa mkono.