Swali la "Jifanye": Funzo Kutoka Lodwar na Kakuma

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, riwaya ya Chozi la Heri yake Assumpta K. Matei ilitahiniwa katika KCSE kuanzia 2018 hadi 2022. Imeondoka kwenye orodha, lakini swali ninalotaka tulijadili halikuondoka nayo: swali la "jifanye".

Nililipenda swali hili nikiwa Lodwar. Mjini humo ndimo Jomo Kenyatta alimozuiliwa kati ya 1959 na 1961, baada ya miaka ya kifungo Lokitaung. Niliwaambia wanafunzi wajifanye mfungwa, waandike shajara ya siku tatu. Kazi zilinoga. (Joto la Lodwar, kusema kweli, halihitaji kubuniwa.) Hakuna aliyeumia, kwani kisa kilikuwa cha enzi za babu zao, tena cha mgeni.

Mwaka 2019 nilihamia shule moja Kakuma, kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, nikalibeba swali langu. Kidato cha Nne tulikuwa tumefika pale Ridhaa anapopoteza jamaa zake motoni, na mkono wa jirani yake wa miaka mingi, Mzee Kedi, umo. Nikaandika ubaoni: "Jifanye Mzee Kedi. Andika hotuba utakayowatolea vijana kabla ya shambulio. (Alama 20)"

Kambi ya Kakuma ilianzishwa 1992, na vita vilivyozuka Sudan Kusini Desemba 2013 viliwaleta maelfu zaidi. Hayo niliyajua, sikuyahusisha na madawati yaliyokuwa mbele yangu. Mvulana mmoja aliandika kurasa nne. Hotuba yake ilitaja mahali pasipokuwemo riwayani, na mnenaji hakuitwa Kedi. Nikapigia mistari myekundu makosa ya upatanisho wa kisarufi, nikampa 11, nikaongeza: "Umetoka nje ya matini."

Hebu litazame swali lenyewe. Linamtaka mtahiniwa aseme kwa nafsi ya kwanza maneno ya mchochezi. Aliyetendewa hayo ana njia mbili: abuni uongo au afunue kidonda, kisha kidonda hicho kitiwe alama.

Wapo watakaosema tuyaruke matukio kama haya. Sikubaliani nao. Ghasia za 2007/2008 ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini. Tukinyamaza, kijana atasimuliwa na akina Kedi wenyewe. Badala yake uliza: mwandishi ameuchora vipi ujirani ule hata usaliti wake ukatushtua? Nani ananyimwa sauti katika tukio hilo? Maswali haya ni magumu kuliko "jifanye", yanajibiwa kwa matini kama Karatasi ya Tatu inavyodai, na aliyefiwa anaweza kuyajibu bila kumtaja ndugu yake. Ukipenda kazi ya kubuni, toa mbili, mwanafunzi achague bila kuulizwa sababu, wala usimlazimishe kuisoma kwa sauti. Nawe mtahiniwa, mtahini hakudai maisha yako. Alama zimo katika wahusika.

Niliporudisha karatasi, mvulana yule alibaki nyuma wenzake wakitoka. Nilimuuliza majina yale ya mahali aliyatoa wapi.

"Ni kwetu, mwalimu."

Nilimwomba radhi. Akaitikia kwa kichwa, kisha akaniuliza kama ningemwelekeza kuhusu upatanisho wa kisarufi, kwani mtihani ulikuwa umebakiza wiki sita.