Mchezo wa mabehewa unaomfundisha mtoto kufikiri kabla ya kutenda

Reli ya Kati ikitoka Dar es Salaam na kufika Tabora inagawanyika: moja inakwenda Mwanza, nyingine Kigoma. Mabehewa ya mizigo yaliyokuja pamoja lazima yatenganishwe na kupangwa upya. Ugumu ni kwamba behewa haliwezi kuruka jingine. Likizibwa na mengine matatu, hayo matatu yaondolewe kwanza.

Kazi ya aina hiyo ndiyo iliyo ndani ya fumbo la Inglenook, lililobuniwa na Alan Wright, Mwingereza aliyekuwa akitengeneza reli ndogo za mfano. Mzazi, unaweza kulicheza na mwanao nyumbani bila kununua chochote.

Namna ya kucheza

Chora sakafuni kwa chaki njia tatu zinazokutana upande mmoja na kuwa njia moja. Njia ndefu ienee maboksi matano ya kiberiti, na zile fupi mbili maboksi matatu kila moja. Njia ya pamoja iwe na nafasi ya kichwa cha treni na mabehewa matatu tu.

Chukua maboksi manane, yape namba 1 hadi 8. Panga matano kwenye njia ndefu, matatu kwenye njia fupi moja, nyingine ibaki tupu. Mtoto aokote vikaratasi vitano vya namba. Kazi yake ni kuunda treni ya mabehewa hayo kwenye njia ndefu, kwa mpangilio ule ule aliookota. Ni kuvuta na kusukuma tu, hakuna kunyanyua.

Treni zinazowezekana ni 6,720, hivyo mchezo hauishi hamu haraka. Kwa mtoto wa miaka mitano au sita, tumia maboksi manne na treni ya mabehewa matatu.

Akikwama, usimwoneshe jibu. Mwulize, “Ukiliweka hapo, utalitoaje?” Mbinu nzuri ni kuanza na behewa linalotakiwa kukaa ndani kabisa, na kuhamisha kwa pamoja yale ambayo tayari yamefuatana vizuri. Akimaliza, ahesabu hatua alizotumia. Kesho ajaribu kuzipunguza.

Anachopata

Kushika mpango kichwani, kujizuia kukurupuka na kubadili mbinu inaposhindikana: wataalamu wa makuzi ya mtoto huzitaja stadi hizi tatu kuwa msingi wa kujifunza na kujitawala. Hujengeka polepole, kwa mazoezi.

Kama mnaishi karibu na reli

Mchezo huu unafungua mazungumzo muhimu. Mtoto ameona mwenyewe kuwa behewa lililosimama linaweza kuondoka ghafla, kwa sababu kichwa kinachosukuma kiko mbali, upande wa pili. Stesheni ni hivyo hivyo. Behewa la tani nyingi huweza kuja kimyakimya, na dereva hawezi kumwona mtoto aliye katikati ya mabehewa.

Mwambie wazi: hakuna kupita chini ya behewa wala kati ya mabehewa mawili, hata kama yamesimama tangu asubuhi. Kisha simamisha kijiti kati ya maboksi mawili, umwambie asukume boksi la mwisho kabisa. Ataelewa.