Bakteria walioandaliwa kupigwa picha

Pitisha ulimi juu ya meno asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Utelezi unaousikia ni utando wa bakteria: viumbe wengi walioshikamana na kujifunika ute walioutengeneza wenyewe. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alikwangua utando wa meno yake, akauchungulia kwa lenzi, na mwaka 1683 akawaandikia wanasayansi wa Royal Society, London, kwamba ameona vijidudu vikitembea. Kuona kwa undani jinsi vinavyopangana kulisubiri hadubini ya elektroni, iliyoanza Ujerumani mwaka 1931.

Lakini hadubini hiyo ya kawaida hufanya kazi pasipo hewa, na utando huo sehemu yake kubwa ni maji. Ukiingizwa mbichi, maji yatageuka mvuke na utando utanywea. Ndiyo maana sampuli huandaliwa kwanza.

Huanza kwa kukazwa kwa glutaraldehaidi, mara nyingi ya asilimia 2.5, inayofunga protini zibaki mahali pake. Husuuzwa taratibu, kwani maji ya nguvu huubandua utando. Osmiamu tetroksaidi hushika mafuta ya seli. Mvuke wake ni hatari kwa macho, hivyo hutumiwa ndani ya kabati la kufyonza hewa. Kisha maji huondolewa hatua kwa hatua kwa ethanoli, kuanzia asilimia 30 hadi 100.

Kukausha ndiko kwenye mtihani. Kimiminika kinapokauka hewani, uso wake huvuta seli na kuzibonyeza. Wataalamu huingiza kaboni dioksaidi ya kimiminika, kisha huipasha joto kupita nyuzi 31 za Selsiasi chini ya mgandamizo mkubwa. Hapo hakuna tena mpaka kati ya kimiminika na gesi, wala uso wa kuvuta kitu. Mwisho sampuli hupakwa dhahabu nyembamba mno ili elektroni zisirundikane juu yake.

Hata hivyo, ute wenyewe haukazwi vizuri na glutaraldehaidi. Maji yakiondoka, husinyaa ukawa nyuzinyuzi, na asiyejua huzidhania kuwa maumbile ya bakteria. Rangi ya rutheniamu nyekundu husaidia kuushika. Njia nyingine ni kugandisha sampuli ghafla kwa baridi kali na kuitazama ikiwa barafu.

Jambo hili linamgusa mgonjwa. Bakteria wakijenga utando ndani ya mpira wa mkojo, antibayotiki huwashinda kwa shida. Anayepima aina mpya ya mpira huo akiubandua utando wakati wa kusuuza, picha itaonyesha mpira safi. Kwa hiyo, picha isiyoeleza sampuli iliandaliwaje isikubaliwe kuwa ushahidi.