Nyaraka zetu za kompyuta zitasomeka baada ya miaka mia moja?

Na Mwandishi Wetu, Sigi

HAPA Sigi, chini ya Milima ya Usambara Mashariki, nyumba iliyokuwa ya mkuu wa stesheni ya reli enzi za Wajerumani sasa ni kituo cha kupokelea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Huko juu mlimani, mwaka 1902, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na biolojia. Jarida lake, Der Pflanzer, lilianza kutoka mwaka 1905, na ajuaye Kijerumani akipewa nakala yake leo ataisoma bila kumwomba mtu ruhusa.

Je, muhtasari wa mkutano wa kijiji unaoandikwa leo kwa kompyuta nao utasomeka hivyo? Jibu linategemea kwa kiasi kikubwa muundo wa faili lake.

Muundo wa faili ni utaratibu ambao programu hufuata kupanga maandishi, majedwali na picha ndani ya faili. Utaratibu huo ukiwa siri ya kampuni moja, mwenye waraka ni sawa na mtu aliyefungia hati ya shamba lake sandukuni, kisha ufunguo akauacha kwa fundi. Kwa miaka mingi nyaraka nyingi ziliandikwa katika muundo wa .doc wa Microsoft, ambao maelezo yake kampuni hiyo iliyaweka wazi kwa umma mwaka 2008.

Muundo huria ni kinyume cha hayo: maelezo yake ni mali ya wote, na yeyote anaweza kutengeneza programu ya kuusoma. Mfano wake ni OpenDocument, ambao faili zake za maandishi huishia na .odt. Shirika la viwango la OASIS liliupitisha mwaka 2005, na mwaka 2006 ukawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 26300.

Faili la .odt kwa hakika ni kifurushi cha zip. Ukilifungua kwa programu ya kufungulia vifurushi hivyo, utakuta ndani faili liitwalo content.xml, ambamo maneno yako yanasomeka katikati ya alama za mpangilio. Hivyo, hata programu iliyoliandika ikitoweka, maandishi yanaweza kuokolewa.

Tanzania si mgeni katika jambo hili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Muundo wa faili wa OpenOffice.org ya wakati huo ndio uliokuwa msingi wa OpenDocument.

Hata hivyo, muundo huria hauliokoi faili lililo katika diski iliyokufa, wala hauondoi nywila iliyosahauliwa. Nakala ya akiba bado ni lazima. Aidha, waraka ukihamishwa kutoka programu moja kwenda nyingine, mpangilio wake huweza kuyumba kidogo.

Kwa karani wa kijiji au ofisi, hatua ni nyepesi: LibreOffice hupatikana bila malipo na huhifadhi kwa .odt, na Microsoft Word nayo huweza kuhifadhi hivyo. Waraka wa umma haupaswi kumtegemea mwenye ufunguo mmoja.