Neno "Mshipa" na Hatari ya Damu Kuganda kwa Vijana wa Ukanda wa Ziwa

Makala hii inadhamiria kueleza jinsi upana wa neno "mshipa" unavyoweza kuficha ugonjwa hatari miongoni mwa vijana. Katika Kiswahili, mshipa ni ateri inayotoa damu moyoni, ni vena inayoirejesha, ni neva, na pia ni ngiri. Kijana wa Kisumu asemaye kuwa mshipa wa mguu unamuuma bado hajaeleweka.

Kitaalamu, damu huganda ndani ya vena kwa sababu tatu: mwendo wake kupungua, ukuta wa vena kudhurika, au damu yenyewe kuelekea kuganda upesi. Baadhi ya sababu hizi mtu huzaliwa nazo. Wapo wachache waliozaliwa bila vena kuu ya chini, ipandishayo damu ya miguu hadi moyoni, au wakakosa sehemu yake. Damu yao hupitia vishipa vya kando, na mwili huvumilia kwa miaka mingi. Kisha, katika ujana, safari ndefu ya kuketi basini huweza kuliamsha tatizo hilo.

Kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria, urithi ulio wa kawaida zaidi ni selimundu. Mwaka 1949, Anthony Allison alibaini kuwa jeni yake ilienea zaidi kwa wakazi wa ziwani na pwani kuliko wa nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza kwamba anayeirithi kwa mzazi mmoja hukingika dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua, na damu yake huelekea kuganda.

Aidha, Kiswahili kimeupa ugonjwa wa matende jina lake mahsusi. Uvimbe wake hukua polepole. Donge la damu, kinyume chake, huweza kuvimbisha mguu, aghalabu mmoja, kwa saa au siku chache. Likimeguka na kufika mapafuni, mgonjwa hutweta ghafla na huweza kufa. Kuukanda mguu kwa maji moto hakuliondoi; hospitalini hutambuliwa kwa picha ya mawimbi ya sauti na kutibiwa kwa dawa za kuzuia damu kuganda.

Kwa kuhitimisha, istilahi "vena" na "ateri" zimo vitabuni tayari. Jukumu la wanakiswahili ni kuzifikisha zahanati, ili mgonjwa na mhudumu wazungumzie mshipa mmoja.